Nani Mwenyeji wa Kijiji?

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi habari za watu wa vijiji vya pwani ya Mtwara, tangu Mikindani hata Msimbati na Kilambo, upande ule mto Ruvuma unakoingia baharini. Pengine mtasema, “Watu wa kijiji si hao tuwaonao kila siku?” Naam, lakini mtu aweza kukaa mahali miaka mingi asijue kijiji chake kimekusanya watu gani.

Kwanza tutazame hesabu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, 2022, watu wa Tanzania walihesabiwa, na Mkoa wa Mtwara ukaonekana una watu 1,634,947. Mwaka 2012 walikuwa 1,270,854. Katika hesabu hiyo kila mtu huandikwa mahali alipolala usiku ule. Basi mvuvi aliyekwenda dago huandikwa huko huko aliko, na nyumbani kwake huonekana mke na watoto tu. Hesabu ni ya kweli, lakini haitwambii mambo yote ya nyumba ile.

Pili, asili yao. Walio wengi ni Wamakonde. Pamoja nao wako Wamakua, Wayao, na Waswahili wa miji ya kale kama Mikindani. Ruvuma ni mpaka wa serikali, wala si mpaka wa undugu, maana Wamakonde wako ng’ambo zote mbili. Wakati wa vita vya uhuru wa Msumbiji, tangu 1964 hata 1974, watu wengi walivuka mto kutafuta usalama. Zamani mgeni alikwenda kwa mkulungwa, mkuu wa mahali, akaomba pa kujenga na pa kulima. Akikubaliwa, hukaa, huoa, huzaa, na ugeni wake hupungua mwaka kwa mwaka.

Tatu, ukoo. Kwa desturi ya Wamakonde mtoto huhesabiwa katika litawa, yaani ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa. Uislamu nao umeleta urithi wa mtoto kwa baba. Hapo ndipo ugomvi wa mashamba unapozaliwa. Mume akifa, jamaa zake husema mikorosho ni yao. Na mjane aliyeipalilia miaka yote huambiwa arudi kwao. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume, na katika wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, wanawake hawapungui 3. Basi mjane asiondoke kwa kutishwa. Na aende barazani, aseme neno lake.

Kwa hiyo twawashauri: majina ya wakazi yaandikwapo katika daftari ya kijiji, msiulize tu, “Wangapi wamo?” Ulizeni pia, “Nani hayumo?” Yuko wapi aliye dago? Yuko wapi mjane? Yuko wapi mzee aliyevuka mto akiwa kijana? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye aliyepewa jembe akalima miaka thelathini, tumwiteje tena mgeni?