Kuku Mchanga wa Mayai: Protini Nyingi Si Lazima Iwe Protini Kamili
Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wafugaji wa kuku, siku ya wakulima

 

Swali mnalotuuliza sana ni hili: chakula cha dukani ni ghali, je, tunaweza kujichanganyia nyumbani? Ndiyo, mnaweza. Lishe hula kama asilimia 60 hadi 70 ya gharama ya kufuga kuku wa mayai, na mwenye kuipunguza kwa akili hupata faida. Lakini mtetea anayeanza kutaga ndiye wa mwisho kufanyiwa majaribio. Umemlisha karibu miezi mitano bila yai hata moja. Ukimkosea sasa, umepoteza ulichowekeza.

Tunapozungumza juu ya protini, kumbukeni kwamba protini imejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Baadhi yake kuku hawezi kujitengenezea. Lazima avipate kwenye chakula. Viwili ndivyo hupungua zaidi katika lishe zetu: methionini na laisini.

Mfikirie fundi wa sare za shule. Ana kitambaa cha mashati 50, lakini vifungo vinatosha mashati 30. Atamaliza mashati 30 tu. Kuku naye hutaga kulingana na asidi amino iliyo haba. Protini inayobaki haiwekwi akiba; mwili huivunja na kuitoa kwenye kinyesi, ndipo banda linanuka amonia. Umenunua harufu kwa pesa zako.

Sasa tuhesabu. Vipimo vya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vya mwaka 1994 vinasema kuku mweupe wa mayai anayekula gramu 100 kwa siku ahitaji kama miligramu 690 za laisini na 300 za methionini. Gramu 100 za mahindi matupu zina karibu miligramu 250 za laisini na 180 za methionini. Ukimjaza mahindi na pumba, atashiba, lakini mayai yatakuwa madogo na machache.

Mtetea ana shida zaidi kwa sababu anafanya kazi mbili. Anataga, na bado mwili wake unakua hadi karibu wiki ya 30. Tena anakula kidogo kuliko kuku mkubwa, na wakati wa joto hupunguza zaidi. Kwa hiyo kila gramu anayokula lazima iwe na uzito wa lishe.

Tusaidiane kwa vyakula vilivyo karibu nasi. Soya ina laisini nyingi, lakini methionini yake ni chache. Mashudu ya alizeti ni kinyume: methionini yake ni afadhali, laisini ni haba. Ukichanganya hivi viwili, kimoja hufidia kingine. Omena ina zote mbili kwa wingi, ndiyo maana kidogo tu hubadilisha mchanganyiko mzima.

Mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, soya mbichi isilishwe kuku. Ina vitu vinavyozuia protini kusagwa tumboni. Ikaange au uichemshe. Pili, omena ya unga huchanganywa na mchanga na wauzaji wasio waaminifu. Tia kijiko kwenye glasi ya maji, koroga, uache itulie: mchanga utazama chini. Tatu, methionini na laisini za unga zinapatikana kwenye maduka ya agroveti. Hutumika kwa gramu, si kwa viganja. Pima kwa mizani, fuata maelezo ya pakiti, uchanganye kwanza na unga kidogo kabla ya kumwaga kwenye rundo kubwa.

Usimharakishe mtetea kwenye leyazi mashi. Chokaa yake ni nyingi mno kwa kuku ambaye bado hajakaribia kutaga, na huumiza figo. Mpe growazi mashi hadi dalili za kutaga zionekane. Pima kuku kadhaa kila wiki. Mitetea wengi wa kahawia wa kisasa huwa karibu kilo 1.4 hadi 1.5 wakiwa na wiki 17 au 18. Walio chini ya hapo wanahitaji lishe bora, si taa za kuwalazimisha kutaga.

Ukiona manyoya hafifu, kuku wakinyonyoana, na mayai yasiyoongezeka ukubwa, usikimbilie dawa. Angalia kwanza chakula.

Kabla ya kuchanganya gunia la kwanza, leteni orodha ya mlivyo navyo kwa afisa wa mifugo wa wadi yenu, mpige hesabu pamoja. Wanaonunua, tafuteni alama ya ubora ya KEBS kwenye gunia, na msome tarehe.