Hadithi Inayotoza: Uchezaji na Usadikifu katika Gemu za Kompyuta



Swali langu jioni hii ni hili. Kwa nini hadithi ya gemu moja inatuingia moyoni na ya nyingine tunaiona kelele, hata pale ambapo zote mbili zimeandikwa na mahodari? Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo hadi mwisho: mchezaji husadiki kile ambacho kanuni za mchezo zinamtoza. Mhusika akitangaziwa kuwa ana njaa, na njaa hiyo isimpunguzie mchezaji nguvu, muda, fedha wala rafiki, basi hiyo si njaa. Ni maneno kwenye skrini.

Nasema kusadiki, sisemi kufanana na hali halisi. Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika angani, na tangu 1951 wasomaji hawajawahi kumdai ramani. Wanaipokea kwa sababu mambo yake yana matokeo: wajumbe wanatumwa pande sita, wanateseka njiani, wanarudi na maarifa ya manufaa, na malipo yao yanakuwa adhabu. Nchi ile ina kanuni, na kanuni zake zinauma.

Mwandishi wa riwaya ana nafuu moja ambayo mtunzi wa gemu hana. Karama, mshtakiwa katika riwaya ile ya Kusadikika, hawezi kuacha kujitetea barazani akaenda kuvua samaki. Hata mtambaji wa jadi, pamoja na hadhira yake inayoitikia, kuimba na kumkatiza, hubaki na usukani wa hadithi. Katika gemu hadhira ndiyo inayoinua mguu wa mhusika. Mtunzi anamtaka mhusika awe mwungwana mwenye uchungu. Aliyeshika kidhibiti anataka kushinda, na anataka kushinda leo.

Mwaka 2007 ilitoka BioShock, gemu iliyoongozwa na Ken Levine. Inatupeleka Rapture, mji uliojengwa chini ya bahari na tajiri Andrew Ryan, aliyeamini kwamba kila mtu ajitafutie faida yake bila kumjali mwingine. Mji huo umekwisha kuoza. Ndani yake wamo mabinti wadogo waliobebeshwa miilini ADAM, kitu ambacho mchezaji anakihitaji ili kujiongezea uwezo. Ukimkamata binti una njia mbili: umkamue yote, naye afe, au umponye na kumwachilia. Kwa maandishi, hapo ndipo moyo wa hadithi ulipo.

Sasa tupige hesabu. Ukimkamua binti mmoja unapata ADAM 160. Ukimponya unapata 80. Ila kila unapowaponya watatu unaachiwa zawadi yenye ADAM 200 nyingine, pamoja na vitu vya ziada. Kwa mabinti watatu, basi, katili anapata 480 na mwema anapata 440. Tofauti ni 40! Ndipo hadithi inapovuja. Tumeambiwa kwamba tunachagua kati ya roho yetu na uhai wetu, kumbe duka linatoa bei karibu ileile kwa wote wawili. Mchezaji makini huligundua hilo kabla ya nusu ya safari, na kuanzia hapo binti anayelia hamtishi tena.

Mwaka huohuo mtunzi wa gemu Clint Hocking aliandika uhakiki wa BioShock uliozua mjadala ambao haujaisha hadi leo. Yeye alishika upande mwingine wa tatizo. Kanuni zinampa mchezaji uhuru wa kujitafutia faida, alisema, lakini hadithi inamlazimisha kumsaidia mtu mwingine, Atlas, apende asipende. Mkono unafundishwa jambo moja na sikio jambo jingine. Hali hiyo nitaiita mgongano wa hadithi na uchezaji.

Hocking ananivutia kwa sababu hakuishia kwenye uhakiki. Wakati ule alikuwa anaongoza utengenezaji wa Far Cry 2 katika studio ya Ubisoft huko Montreal, na gemu hiyo ilitoka 2008. Inatuhusu, kwani imewekwa Afrika, katika nchi isiyotajwa jina yenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mchezaji ni mamluki aliyetumwa kumuua mfanyabiashara wa silaha anayeitwa Jackal. Kabla hajafanya lolote anaugua malaria. Homa hiyo inamfuata katika mchezo mzima: ghafla anaacha kuona vizuri, anatetemeka, anatafuta kidonge. Vidonge vikimwishia, inambidi awaendee raia wanaojificha, awapelekee hati za kusafiria ili wakimbie vita, nao ndio wampe dawa.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuipima malaria hiyo. Malaria tunayoijua haiishi kwa kubonyeza kitufe. Inakulaza, inakuvunja viungo, inakula mshahara, na mtoto ikimpata usiku nyumba nzima hailali. Ya kwenye gemu ni nyepesi mno. Hata hivyo naitetea kanuni yake, kwa sababu inafanya kazi ambayo mazungumzo yasingeifanya. Mtu aliyekuja kuua kwa malipo analazimishwa na mwili wake kuwatumikia wanyonge. Hafanyi hivyo kwa huruma. Anafanya kwa kuwa anatetemeka. Hilo nalisadiki kuliko hotuba yoyote ambayo mwandishi angeweza kumtilia mamluki kinywani.

Kuna kanuni nyingine humo iliyo bora zaidi. Ukizidiwa vitani, rafiki uliyefungamana naye huja kukuvuta kutoka kwenye risasi. Naye anaweza kujeruhiwa. Unamchoma sindano ya dawa. Pengine inamtosha, pengine haimtoshi, na pengine unajikuta unamchoma moja baada ya nyingine hadi anatulia moja kwa moja. Akifa, amekufa. Harudi katika misheni inayofuata, na siku nyingine ukianguka yeye si wa kuja tena. Urafiki umeandikwa ndani ya kanuni, na kwa hiyo kifo chake nacho kimeandikwa humo.

Lakini gemu hiyohiyo inaniudhi, na sitaificha hasira yangu. Tunaambiwa kuna makundi mawili yanayopigania nchi. Barabarani, askari wa vizuizi vyote wanakufyatulia risasi, hata wa kundi lililokuajiri asubuhi. Ukikisafisha kizuizi na kuondoka, baada ya muda mfupi kimejaa askari wengine, kana kwamba hakuna aliyekufa. Hadithi inasema makundi yanachukiana. Kanuni zinasema wote wanakuchukia wewe peke yako. Kisha raia: nje ya yale maficho karibu huwaoni. Hakuna soko, hakuna mama anayeuza ndizi, hakuna mtoto anayeteka maji. Nitasadiki vipi kwamba nchi inaangamia wakati sijaonyeshwa nani alikuwa anaishi humo? Kuichora Afrika kama uwanja wa bunduki tu ni dhuluma kwa Waafrika, na kwa mtunzi ni udhaifu wa ufundi pia, maana vita visivyo na wa kupoteza kitu havina uzito.

Wako watunzi waliochagua kuukubali mgongano na kuendelea na kazi. Nathan Drake wa Uncharted ni kijana mcheshi, mpenda familia, anayeua watu kwa mamia bila kupoteza usingizi. Gemu ya 4 katika mfululizo huo, ya 2016, inatoa nishani kwa mchezaji aliyefikisha maadui 1,000, na nishani yenyewe imepewa jina la tatizo aliloliibua Hocking. Kulijua tatizo si kulitatua, wala sioni haja ya kukaa hapo.

Nataka kukaa na Papers, Please. Aliitunga Lucas Pope karibu peke yake, ikatoka 2013. Wewe ni mkaguzi wa pasipoti mpakani mwa nchi ya kubuni, Arstotzka, mwaka 1982. Aliyewahi kusimama foleni Tunduma au Namanga anaijua ile meza, ila safari hii umekaa upande wa pili. Kila msafiri unayemshughulikia sawasawa anakuingizia sarafu 5. Siku ina mwisho, na karatasi za kukagua zinazidi kila kukicha: kibali, kitambulisho, uzito, picha, muhuri. Makosa mawili ya kwanza kwa siku ni onyo. Baada ya hapo unakatwa. Jioni unaorodheshewa kodi ya nyumba, chakula, joto, dawa, na majina ya walio nyumbani: mke, mtoto, mama mkwe, mjomba.

Siku moja anapita mwanamume mwenye karatasi kamili. Anakuomba umtendee wema mke wake, yuko nyuma yake. Mke anafika. Hana kibali cha kuingia. Anasema akirudishwa atauawa.

Hapo hakuna muziki wa kuhuzunisha wala mwigizaji mashuhuri. Sura ya mama huyo ni vijirangi vichache. Kuna muhuri wa kijani na muhuri mwekundu, saa inakwenda, na wewe unajua kama leo umebakiwa na onyo la kutumia au umekwisha kulimaliza. Ukimpitisha, huruma yako ina bei, na anayeilipa pengine ni mtoto aliyelala kwenye baridi. Ukimrudisha, umekuwa mtumishi mwadilifu wa dola katili, na umejionea kwa mkono wako jinsi watu wa kawaida wanavyofika huko. Sijui hotuba ya siasa inayonieleza urasimu wa kikatili vizuri kiasi hicho, na gemu yenyewe haihutubii hata kidogo. Inatoza.

Gharama si lazima iwe fedha. Katika Brothers: A Tale of Two Sons, pia ya 2013, Josef Fares anakupa ndugu wawili kwa mpigo: mkubwa kwa kidole gumba cha kushoto, mdogo kwa cha kulia. Mdogo anaogopa maji kwa kuwa mama yao alizama, hivyo kila penye kina anapanda mgongoni kwa kaka. Kaka anakufa. Upande wa kushoto wa kidhibiti unakaa kimya. Kisha mdogo anafika kwenye maji, peke yake, na kitufe chake hakimvushi. Kinachomvusha ni kitufe cha kaka. Mchezaji anakigundua kwa kidole, bila kuambiwa, na kidole hicho kilikuwa kimekwisha kuzoea kukaa bure.

Swali la kifo limekuwa kikwazo kwa watunzi wengi wa hadithi za gemu: shujaa anakufa mara hamsini na hadithi inajifanya haikuona. Hades, iliyokamilishwa 2020 na studio ya Supergiant, ililigeuza. Zagreus ni mwana wa mungu wa kuzimu anayejaribu kutoroka kwa baba yake. Akifa anarudi nyumbani, maana nyumbani kwake ndiko kuzimu, na wenyeji wanazungumza naye juu ya kifo chake cha safari hii. Kushindwa kumekuwa sura ya hadithi. Anayekufa sana anawafahamu jamaa zake zaidi.

Mifano hii haikuzaliwa kwa bahati. Kwa Pope, mwandishi na mtengenezaji wa kanuni ni mtu mmoja. Katika kazi kubwa mara nyingi mwandishi huitwa kanuni zikiwa zimekwisha kukauka, akapewa mapengo ayajaze kwa mazungumzo. Wanafunzi wa fasihi na wanafunzi wa kompyuta waliomo humu ukumbini wanasoma katika majengo tofauti, na ningependa wakae meza moja tangu siku ya kwanza ya kazi.

Wanaweza kuanza na daladala. Mchezaji ni konda wa Dar es Salaam. Jioni bosi anataka hesabu yake kamili, mafuta yamekula sehemu, trafiki yuko mbele. Kituoni wamesimama wanafunzi kumi na watu wazima sita. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na kiti anachokalia ni kilekile. Tuna maneno mengi ya kumlaumu konda anayewaacha watoto juani. Mpeni mchezaji mlango, idadi ya viti, nauli mbili na saa, mwondoeni msimulizi, kisha mwongezeeni kitu kimoja: mmoja wa wanafunzi hao ni mdogo wake, na leo ana mtihani wa saa mbili asubuhi.