MAZUNGUMZO YA 14: KIAZI KITAMU KILICHOOZA

Leo tunaingia jikoni, kwenye lile gunia la viazi vitamu.

Mama, ukikuta kiazi chenye doa jeusi, wewe hufanya nini? Wengi wetu hukata palipooza, tukachemsha kilichobaki, na vile vipande vibaya tukampa ng'ombe. Chakula ni ghali na hakuna anayependa kutupa. Lakini sikiliza kwanza.

Kiazi kilichochimbwa bado kiko hai. Ndani yake mna vimeng'enya, yaani vitu vidogo sana vinavyofanya kazi za mwili wa mmea. Vimeng'enya hugeuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana kiazi kilichokaa siku kadhaa huwa kitamu zaidi. Pia husaidia kidonda cha jembe kufunga ngozi mpya.

Kuvu nayo ina vimeng'enya vyake. Ikiingia kwenye kidonda, huyeyusha nyama ya kiazi mpaka ikawa laini, yenye maji na harufu kama ya pombe.

Kuna uozo mwingine ulio mkavu na mweusi. Hapo kiazi hujikinga kwa kutengeneza kitu kichungu cha kupigana na kuvu. Hata fukusi wakikitoboa, hufanya hivyo. Uchungu huo, mama, ni sumu. Inajulikana kuharibu ini la wanyama, na baadhi ya kuvu huigeuza ikawa sumu ya mapafu. Ng'ombe aliyelishwa viazi hivyo huhema kwa shida, shingo ameinyoosha, povu mdomoni, na anaweza kufa. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini.

Shika mambo mawili. Kwanza, sumu huenea hadi kwenye nyama iliyo karibu na doa, ingawa kwa macho inaonekana safi. Pili, kuchemsha au kuchoma hakuimalizi. Kwa hiyo kiazi chenye kuvu au kilicho kichungu usimpe mtoto, hata ukikikata. Usimpe ng'ombe wala mbuzi. Kifukie shimoni.

Sasa tuzuie vipi uozo?

1. Chimba udongo ukiwa mkavu, polepole, usivijeruhi viazi.

2. Vilivyokatwa na jembe vitenge, uvipike siku hiyo au kesho yake. Hivyo bado ni chakula kizuri.

3. Vizima usivioshe. Virundike mahali penye joto, nje ya jua, uvifunike kwa magunia siku 4 hadi 7 ili vidonda vidogo vipone. Huku kwetu usiku ni baridi, hivyo chumba cha jiko ndicho kinachofaa.

4. Baadaye viweke mahali pakavu penye hewa, juu ya mbao au nyasi kavu. Usivifunge kwenye karatasi ya plastiki, na usivitie kwenye friji, kwa maana baridi kali huviharibu.

5. Kagua kila wiki. Kimoja kikioza, kitoe mara moja kabla hakijaambukiza vingine.

6. Kama huna nafasi ya kuhifadhi, viache shambani uchimbe vya kutosha siku moja au mbili. Nyufa za udongo zifukie ili fukusi wasiingie.

Mama, usiache kumpa mtoto viazi vitamu. Humpa nguvu, na vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Mpe kilicho kizima. Ukionja ukasikia uchungu, kiteme, na sufuria hiyo usimpakulie mtu.

Mwambie na jirani yako.