Sitaha ya Meli Kuukuu na Vumbi Lake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Donholm)



Labda mwashangaa, sisi watu wa reli tukaao Donholm, mbali na maji, twazungumzia meli kwa nini? Basi kumbukeni kuwa meli ya Kisumu ni reli pia. MV Uhuru iliundwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, na mwaka 1966 ikaanza kuvusha mabehewa. Sitaha yake ina reli kama za yadi. Baada ya kulala miaka mingi ilifufuliwa mwaka 2019. Na wenzetu wengine hupelekwa kukwangua na kupaka rangi meli za umri huo.

Fundi wa majahazi kule Lamu hushindana na mbao, pamba na kalafati. Sisi twashindana na kutu. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, lakini kutu haikosi njia: maji hutuama pembeni mwa reli, uchafu hujaa hapo, na bamba huliwa chini ya rangi inayoonekana nzima.

Kazi yenyewe huanza kwa sabuni na maji, kabla ya nyundo. Ukikwangua juu ya mafuta, brashi ya waya huyatandaza tu, na rangi mpya hubanduka. Kisha kutu huondolewa hadi chuma king'ae, na kingo hupakwa kwanza kwa brashi, maana huko rangi huwa nyembamba. Asubuhi ya Kisumu bamba huwa na umande hata kama jicho halioni. Foromani anayeharakisha rangi saa moja asubuhi anapoteza rangi yake. Rangi ya kwanza ipakwe siku ile ile chuma kilipokwanguliwa. Ya mwisho hutiwa mchanga safi, mtu asiteleze mvua ikinyesha.

Hayo ni ya fundi. Sasa ya kwetu. Rangi za zamani za kuzuia kutu mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Ukizisaga kavu kwa mashine, vumbi lake huingia kifuani, huenda damuni, na huletwa nyumbani na ovaroli. Mtoto anayekupokea mlangoni huumia kuliko wewe. Mahali fulani, ambapo hatupataji leo, wenzetu walipewa kitambaa cha kufunga puani. Kitambaa hakizuii vumbi hilo! Yatakiwa barakoa yenye chujio, rangi ilowanishwe kabla ya kukwanguliwa, maji ya kunawa kabla ya kula, na ovaroli zifuliwe kazini.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, wala asimkate mfanyakazi mshahara kwa ajili yake. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima iwepo kamati ya usalama. Kwa hiyo twaomba mambo mawili kabla ya kikosi kijacho kuondoka: rangi ipimwe kwanza, na barakoa ziwe mkononi mwetu, wala si ahadi ya kuzikuta Kisumu. Katibu anayo karatasi. Wanaokwenda waandike majina yao kabla ya kutoka hapa.