Nyumba ya Miungu Iliyofanywa Kanisa

Dominika, 9 Novemba 2025. Sikukuu ya Kutabarukiwa kwa Kanisa Kuu la Laterano

Injili ya leo yatuonyesha Bwana wetu akipindua meza za wavunja fedha na kuwafukuza wachuuzi Hekaluni. Angalieni jambo moja ambalo hupita upesi masikioni mwetu: hakubomoa ukuta hata mmoja. Waliokuwamo aliwatoa, kuta akaziacha.

Mwaka huu wa Jubilei tulijaliwa kuhiji Roma. Baada ya kupita Mlango Mtakatifu wa Kanisa hilo la Laterano tunaloliadhimisha leo, tulitembea kwa miguu hadi katikati ya mji wa kale. Tukapita vichochoro vyembamba, na ghafula tukatokea kwenye uwanja, mbele ya jengo liitwalo Pantheon, maana yake nyumba ya miungu yote.

Jengo hilo lilimalizika yapata mwaka 125, enzi za Kaisari Hadrian. Mbele lina nguzo 16 za mawe magumu yaliyochongwa Misri, katika bara letu, yakavushwa bahari. Paa lake ni kuba la zege lisilo na nondo hata moja, lenye upana wa mita 43, na hadi leo hakuna kuba la namna hiyo duniani linalolipita kwa ukubwa. Mafundi wale, kadiri walivyopanda juu, walipunguza unene, wakaacha kokoto nzito na kutia mawe mepesi ya volkano. Juu kabisa wameacha tundu la mviringo, upana wake karibu mita 9, lisilo na kioo. Mvua ikinyesha huingia, nayo sakafu imeinamishwa kidogo na kutobolewa ili maji yatoke. Sisi huku, bati likitoboka tundu la msumari, kamati nzima huitwa!

Mwaka 609 Kaisari Phocas alimpa Papa Bonifasi IV jengo hilo. Papa hakulivunja. Alilitabaruku kwa heshima ya Bikira Maria na Mashahidi wote, na yasimuliwa kwamba mifupa ya mashahidi ililetwa humo kwa mikokoteni kutoka makaburi ya chini ya ardhi. Tulipopiga magoti pale tuliwakumbuka Mashahidi 22 wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mjini humo humo tarehe 18 Oktoba 1964. Tulipotoka nje tuliinua macho: jina la Marcus Agrippa, mpagani aliyejenga hekalu la kwanza mahali pale, lingali limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya nguzo. Zaidi ya miaka 1400 ni kanisa, na jina lipo.

Twayasema haya kwa sababu ya jambo lililotukuta hapa Mpemba. Kigango chetu kimoja husali chini ya turubai. Familia moja ilijitolea kukipa jengo lake la kando ya barabara kuu: kuta imara, bati zima, kiwanja chenye hati. Lakini kwa miaka mingi jengo hilo lilikuwa kilabu cha komoni. Madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka Tunduma walinywa humo. Watu walipigana humo, na ndoa zaidi ya moja zilivunjikia humo. Mkutano wa kigango ukagawanyika. Wengi, nao ni waumini wazuri, walisema afadhali turubai. Akina mama wawili walilia, maana fedha za mahindi za waume zao ziliishia humo. Hatukuwalaumu, wala leo hatuwalaumu.

Tuliwaeleza habari za Pantheon. Tukaongeza kwamba ndugu zetu Waanglikana wa Zanzibar walijenga kanisa lao Mkunazini palepale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Walitusikiliza kwa heshima, wala hawakubadilika. Kidonda hakitibiwi kwa historia ya Roma.

Ndipo akasimama mzee mmoja, mkatekumeni anayejiandaa kubatizwa Pasaka ijayo. Akasema: "Baba Paroko, mimi nimekunywa mle miaka ishirini. Kama maji ya baraka hayawezi kuzitakasa zile kuta, basi nami niambieni mapema, nisimpotezee katekista muda wake."

Kimya kikatanda. Katika somo la pili la leo Mtume Paulo afundisha kwamba hekalu la Mungu ni sisi wenyewe. Fundisho hilo tumelihubiri mara nyingi. Siku ile tulihubiriwa.

Jumamosi iliyofuata WAWATA walikuja na ndoo na chokaa. Wale akina mama wawili walikuwapo pia. Mmoja alipiga deki. Mwingine alisimama mlangoni asiingie, nasi hatukumhimiza. Jina la kilabu lingalipo ukutani kwa rangi nyekundu. Kamati yataka lifutwe, yule mzee ataka libaki. Tutalijadili Dominika ijayo, baada ya Misa.