Hama, Lakini Uende Wapi?

Tarehe 2 Mei 2024, wakati wa mafuriko, serikali ya Kenya iliwapa saa 24 wakazi walio karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 kote nchini wawe wamehama. Amri kama hiyo ikawafikia pia walio kando ya mito ya Nairobi. Sababu ilikuwapo. Siku tatu kabla, alfajiri, maji yaliyozuilika kwenye tuta la reli yalifumuka juu ya mji wa Mai Mahiu na kusomba watu usingizini.

Hata hivyo, wapo waliobaki. Wakubwa wakasema ni ukaidi.

Ukaidi gani? Mpangaji wa Mathare, mtaa ulio kando ya mto jijini Nairobi, ameshalipa kodi ya mwezi kwa chumba cha mabati. Godoro, mtungi wa gesi na sare za watoto, basi, hiyo ndiyo mali yake yote. Akitoka jioni, kesho atakuta kufuli imevunjwa. Amuulize nani? Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kitaifa kazi ya kukabili majanga, na kaunti nazo zikapewa. Basi wa kuamuru wapo tele. Uliza lori la kubeba watu ni la nani, uone wanavyotazamana.

Halafu tingatinga likaja. Nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni zikabomolewa, Rais akafika Mathare na kuahidi kila familia shilingi 10,000. Hapo ndipo serikali ilipojiharibia. Aliyeambiwa ahame aokoe roho, kisha akarudi kwenye kifusi, mvua ijayo hahami. Atakaa alinde mabati yake, maji yamfike magotini.

Kama nia ni kuwaondoa watu kando ya mto moja kwa moja, lisemwe hilo wakati wa kiangazi, kwa ilani, na anayepinga aende mahakamani. Lisipitishwe chini ya mwavuli wa mafuriko.

Na amri ya dharura itoke kinywa kimoja. Chifu aje nayo pamoja na mzee wa mtaa anayejua nani yuko ploti gani na bibi yupi hawezi kutembea. Waseme shule ipi imefunguliwa, lori litasimama wapi, nani atapiga doria usiku. Waseme pia, mbele ya watu wote, kama kurudi kupo.

Makamishna na magavana, kubalianeni hayo sasa, kabla mvua za Machi hazijaanza.