Jaji Mbaya Kuliko Wote ni Yupi?

(Haya ni maneno ya Mwenezi wa chama, ambaye ni mwalimu, aliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi Jumapili iliyopita.)



Wiki mbili zilizopita vijana walifanya mjadala hapa hapa uwanjani: katika historia ya dunia, jaji mbaya kuliko wote ni yupi? Kelele zilikuwa nyingi hata muuza kahawa akaacha birika lake akaja kusikiliza. Mimi nilikuwa mshika saa, sikupata nafasi ya kusema. Leo nimepewa, nami nitasema, ingawa nadhani wako miongoni mwenu ambao hawatapenda nitakapoishia.

Upande mmoja walimtaja Jeffreys wa Uingereza. Mwaka 1685, baada ya maasi ya Monmouth, alizunguka magharibi ya nchi ile akinyongesha watu kwa mamia, na mamia wengine wakapelekwa ng'ambo West Indies kutumikishwa. Alice Lisle, bibi kizee, aliuawa kwa sababu aliwapa waasi mahali pa kulala. Mfalme akafurahi, akampandisha cheo. Mfalme mwenyewe alipokimbia mwaka 1688, Jeffreys alikamatwa amejigeuza baharia, akafa kifungoni.

Upande wa pili wakamtaja Freisler wa Ujerumani, mkuu wa Mahakama ya Umma ya Hitler toka mwaka 1942 hata mabomu yalipomwua Berlin Februari 1945. Huyo alikuwa akiwafokea washtakiwa kama mtu aliyepandwa na pepo. Tarehe 22 Februari 1943 alimhukumu Sophie Scholl, msichana wa miaka 21, pamoja na kaka yake Hans na rafiki yao Christoph Probst, kwa ajili ya karatasi za kumpinga Hitler. Siku ile ile walikatwa vichwa.

Aliyemtaja Freisler alishangiliwa sana. Lakini mimi, ndugu zangu, sikupiga makofi. Freisler alikuwa fisi, na akalia kama fisi. Mtu akimsikia tu anajua hapa hapana hukumu. Mimi namwogopa zaidi jaji mpole, mwenye miwani na vitabu, anayesema “tafadhali” huku anakufunga kamba.

Roger Taney, Jaji Mkuu wa Marekani, alikuwa mtu wa namna hiyo. Dred Scott alikuwa mtumwa aliyepata kukaa na bwana wake katika sehemu ambazo utumwa ulikatazwa, akadai yeye ni mtu huru. Mwaka 1857 majaji saba kwa wawili walimkatalia. Taney akaandika kwamba mtu mweusi wa asili ya Kiafrika hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba waliounda nchi ile walimwona hana haki yo yote ambayo mtu mweupe apaswa kuiheshimu. Na Taney alikuwa amekwisha waacha huru watumwa wake mwenyewe! Alijua. Alidhani kwa hukumu moja atamaliza ugomvi wa utumwa. Baada ya miaka minne nchi yake iliingia vitani.

Lakini wa kwangu mimi yuko karibu zaidi. Ni Ransley Thacker wa Kapenguria.

Kijana mmoja alinipinga akasema Thacker pale alikuwa hakimu tu, si jaji. Kweli, na ndipo ulipo ubaya wake. Alikuwa jaji wa Korti Kuu ya Kenya aliyekwisha staafu. Serikali ikamtoa katika mapumziko yake, ikamweka kwa shauri hili moja. Jomo Kenyatta alikuwa amekamatwa tarehe 20 Oktoba 1952. Yeye na Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko walipelekwa Kapenguria, mbali kaskazini ya Kitale, mawakili wasipate hata vitabu vya sheria. Mkuu wa mawakili wao, Bwana Pritt, ndiye yule yule aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1958 kumtetea Mwalimu Nyerere.

Shahidi mkubwa alikuwa Rawson Macharia, aliyesema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Mashahidi kumi wa utetezi walimkanusha. Thacker akasema waziwazi kwamba anawakataa wale kumi na kumwamini mmoja, wala hasiti. Tarehe 8 Aprili 1953 akawapa miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani, lakini hakuachiwa. Alizuiwa hivyo hivyo. Mwaka 1958 Macharia aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, ulionunuliwa kwa ahadi ya masomo Uingereza. Wakamfunga, si kwa uongo wa kwanza, bali kwa kiapo cha pili!

Na Thacker? Wanahistoria wameeleza kwamba Gavana Baring alikubali alipwe pauni 20,000. Angalieni: hakupiga kelele hata siku moja. Aliandika kila neno la mashahidi kwa mkono wake. Serikali ilitaka jibu fulani, ikamtafuta mtu wa kulitoa.

Sasa nije hapa tawini. Mmesikia kwamba kesi ya kiwanja chetu tumeshindwa. Mahakama imesema kiwanja ni cha yule mama mjane, maana hati aliyokuwa nayo marehemu mumewe ilitangulia barua yetu. Tangu siku hiyo nasikia maneno: hakimu ni adui wa chama, hakimu ahamishwe, aletwe “mtu wetu.” Mzee mmoja ninayemheshimu sana, mwenye kadi kabla mimi sijazaliwa, aliniambia: “Mwanangu, chama ndicho kilicholeta uhuru, hakimu gani wa kukishinda?”

Mzee wangu, shikamoo, na unisamehe. Baring naye alitaka mtu wake. Nimeisoma hukumu ile mara mbili. Mimi pia nilichimba msingi katika kiwanja kile, na mikono yangu ilitoka malengelenge. Lakini tarehe ya hati ni tarehe ya hati, na yule mama hakuja na Pritt. Alikuja peke yake na bahasha.

Barua ya kutaka hakimu ahamishwe iko mezani kwa Katibu, na majina kumi na manne yamekwisha andikwa. La kwangu halimo, wala halitakuwamo. Anayeona hukumu ina kosa, njia ya rufani ipo na muda haujakwisha. Nakala ya hukumu nimeiacha ofisini. Ofisi itafunguliwa Jumamosi saa mbili asubuhi. Naomba wale kumi na wanne waje waisome kwanza.